Springi za pikipiki ya lami na vumbi na uzito wa mpanda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya pikipiki zinazopita lami na njia mbovu kwa pamoja: zile ndefu, zenye foki mbele (mabomba mawili yanayoshika gurudumu la mbele) na shokapu moja nyuma. Ukisoma swali moja tu, basi lisome lile la mibonyeo miwili. Makosa mengi ya kununua springi yanaanzia pale.

Nitajuaje kwamba springi zilizokuja na pikipiki hazinifai?

Watengenezaji wengi hupanga springi kwa mpanda wa wastani, kiasi cha kilo 70 hadi 80. Ukiwa na kilo 95 na ukavaa kofia, buti, koti na kinga za magoti, umeongeza kilo 8 hadi 12 nyingine. Pikipiki inabeba kilo 105 ilhali imeandaliwa kubeba 80.

Dalili za springi laini kwa nyuma: mkia unakaa chini, taa ya mbele inaangaza juu ya miti badala ya barabara, usukani unakuwa mzito kukata kona, na mbele panaelea ukiwa kwenye mchanga au kasi kubwa. Shokapu inagota, yaani inabonyea hadi mwisho na kugonga, kwenye mashimo ambayo wenzako wanayapita bila kelele. Kwa mbele: pua inazama sana ukishika breki, na foki zinagota ukishuka ngazi ya udongo.

Springi ngumu kupita kiasi nayo ina dalili zake. Gurudumu linaruka juu ya mawe madogo badala ya kuyafuata, mkia unarushwa juu, na baada ya siku nzima ya njia mbovu unakuta bado kuna theluthi ya mwendo wa shokapu (umbali wote inaoweza kubonyea) ambayo haijatumika hata mara moja.

Dalili peke yake hazitoshi, kwa sababu oili iliyochoka au bea kavu za linki (vyuma vinavyounganisha shokapu na mkono wa nyuma unaoshika gurudumu) huleta usumbufu unaofanana. Pima.

Si nikaze tu ile nati ya shokapu? Ikikazwa si inakuwa ngumu?

Hapana. Nati ile inaongeza mkazo wa awali, yaani inaibana springi hata kabla hujapanda. Ugumu wa springi, kilo ngapi zinahitajika kuibonyeza milimita moja, unabaki uleule. Springi ya kilo 6 kwa milimita ni ya kilo 6 iwe nati imelegea au imekazwa hadi mwisho.

Ugumu unatokana na chuma chenyewe na umbo lake: unene wa waya, upana wa koili na idadi ya koili zinazofanya kazi. Unene wa waya ndio wenye nguvu kuliko vyote, maana ugumu hupanda kwa unene uliozidishwa mara nne kwa wenyewe. Waya wa milimita 12 ukiongezwa hadi 12.1, ugumu unapanda kwa zaidi ya asilimia 3. Ndiyo maana springi mbili zinazofanana kabisa kwa macho zinaweza kuwa tofauti sana chini ya mzigo.

Mkazo wa awali una kazi yake: kupanga pikipiki ikae kimo gani ukiwa juu yake. Ukitaka uubebeshe kazi ya ugumu, utalipa kwingine. Hesabu iko mbele kidogo.

Mbonyeo ni nini, na kwa nini kuna miwili?

Mbonyeo ni kiasi ambacho pikipiki inashuka kutoka pale gurudumu linaponing'inia huru. Mbonyeo mtupu ni ule wa pikipiki peke yake, ikiwa na mafuta, bila mtu. Mbonyeo wa mpanda ni ule wa pikipiki pamoja nawe na mavazi yako yote.

Kwa nyuma, mbonyeo wa mpanda unaofaa ni kama asilimia 30 hadi 33 ya mwendo wote wa gurudumu. Yamaha WR250R ina mwendo wa milimita 270 nyuma, kwa hiyo lengo ni milimita 80 hadi 90. Honda CRF300L na Suzuki DR650SE zina milimita 260, kwa hiyo ni 78 hadi 86. Mbonyeo mtupu wa nyuma uwe kati ya milimita 20 na 40. Kwa mbele, anza na asilimia 25 hadi 28 ukiwa umepanda.

Sasa jambo linalowachanganya wengi. Kwanza unapanga mbonyeo wa mpanda kwa nati, mpaka ufike kwenye lengo. Halafu unashuka na kupima mbonyeo mtupu. Huo wa pili ndio unaotoa hukumu ya springi:

- Mbonyeo mtupu ukiwa mdogo sana, mfano milimita 5, au pikipiki haishuki kabisa, springi ni laini mno kwako. Umelazimika kuibana sana ili ikubebe.
- Mbonyeo mtupu ukiwa mkubwa sana, mfano milimita 50, springi ni ngumu mno kwako. Umelazimika kuilegeza ili ishuke ukipanda.

Wengi husoma kinyume. Wanaona pikipiki haishuki ikiwa peke yake, wanasema springi ni ngumu, wanaagiza laini zaidi. Pesa imepotea na tatizo limeongezeka.

Nipime vipi ili nipate namba za kuaminika?

Unahitaji watu wawili wa kukusaidia, utepe wa kupimia na kipande cha tepu ya karatasi.

Inua pikipiki mpaka gurudumu la nyuma lining'inie. Bandika tepu kwenye plastiki ya mkia, wima juu ya ekseli, chora alama ndogo. Pima kutoka katikati ya ekseli hadi kwenye alama. Tuseme ni milimita 610. Hiyo ndiyo namba mama; iandike.

Shusha pikipiki chini, isimame wima bila stendi. Kandamiza mkia mara kadhaa kisha uachie upande taratibu wenyewe, pima. Kisha inua mkia kidogo, uachie ushuke taratibu wenyewe, pima tena. Namba hizo hazitalingana kwa sababu ya msuguano wa sili na bea. Chukua ya katikati. Ikiwa ya kwanza ni 576 na ya pili ni 582, ya katikati ni 579, na mbonyeo mtupu ni 31. Tofauti ikizidi milimita 10, kuna kitu kinakwama. Tazama bea za linki na za mkono wa nyuma kabla ya kugusa springi.

Mwishowe panda ukiwa na mavazi yote, miguu kwenye vikanyagio, umekaa pale unapokaa siku zote. Mmoja ashike usukani, mwingine apime kwa njia ileile ya mara mbili. Miguu ikiwa chini, namba hiyo haina maana.

Kwa foki, pima kutoka ekseli ya mbele hadi ukingo wa kibano cha chini cha foki. Msuguano wa mbele ni mkubwa zaidi, kwa hiyo kupima mara mbili huku ni lazima. Breki ya mbele isishikwe, maana ikishikwa inaizuia foki kutulia mahali pake.

Nina kilo 105 bila mavazi. Hesabu ya springi ya nyuma inaendaje?

Tuchukue pikipiki ya mfano. Mwendo wa gurudumu la nyuma ni milimita 270, springi ni ya kilo 6.0 kwa milimita, na linki inafanya gurudumu lisogee milimita 2.6 kwa kila milimita 1 ya shokapu. Kwa sababu ya linki, ugumu unaousikia kwenye gurudumu ni ule wa springi ukigawanywa kwa 2.6 mara mbili: 6.0 ÷ 6.76, karibu kilo 0.89 kwa milimita.

Mpanda aliyekaa hupeleka takriban asilimia 60 ya uzito wake nyuma. Mpanda wa kilo 80 pamoja na mavazi anapeleka kilo 48, na hizo zinashusha mkia milimita 54. Akiwa na mbonyeo mtupu wa 30, jumla ni 84. Vizuri kabisa.

Wewe na mavazi yako ni kilo 115. Nyuma zinakwenda 69, nazo zinashusha milimita 78. Ili jumla ibaki 84, mbonyeo mtupu lazima uwe milimita 6. Tuseme pikipiki yenyewe inaweka kilo 60 juu ya springi ya nyuma: utalazimika kuibana springi karibu milimita 24, na gurudumu lililonyooka kabisa litahitaji kusukumwa kwa kilo 54 kabla halijaanza kubonyea. Kokoto halina nguvu hiyo. Kwa hiyo mwanzo wa mwendo ni mgumu kama jiwe, halafu mwisho bado ni laini na unagota. Hiyo ndiyo pikipiki ambayo mtu husema "imekazwa lakini bado inagonga".

Weka springi ya kilo 8.0. Kwenye gurudumu inakuwa 1.18. Kilo zako 69 zinashusha milimita 58, mbonyeo mtupu unakuwa 26, na mkazo wa awali unarudi hadi milimita 9 au 10. Gurudumu linaanza kusogea kwa kilo 30 tu. Na kule mwishoni, milimita ya 270, springi hii inabeba karibu kilo 349 wakati ile ya 6.0 iliyobanwa inabeba 295. Springi ngumu zaidi imekupa mwanzo laini zaidi na mwisho imara zaidi, kwa wakati mmoja.

Linki halisi haina uwiano mmoja mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo chukua hesabu hii kama kielelezo cha kukupeleka karibu, kisha mbonyeo ndio uthibitishe.

Na mbele?

Foki mbili zinabeba pamoja, kwa hiyo ugumu unajumlishwa: springi mbili za kilo 0.40 ni 0.80. Mpanda wa kilo 115 akiweka asilimia 40 mbele, ni kilo 46, nazo zinashusha milimita 57 au 58. Ukiwa na springi za 0.48, zinashusha 48.

Kwa kawaida springi za foki huuzwa kwa hatua za 0.02 kwa kila mguu wa foki. Ukijikuta katikati ya hatua mbili, unaweza kuweka 0.46 mguu mmoja na 0.48 mwingine, ekseli inaiunganisha miguu yote miwili, na pikipiki inaona 0.47. Njia hii ni salama na ni ya kawaida, mradi urefu na mkazo wa awali wa springi hizo mbili ulingane.

Anayepanda akiwa amesimama muda mwingi achague hatua moja juu mbele, maana akisimama uzito unahamia kwenye vikanyagio na usukani.

Kilo kwa milimita, nyutoni kwa milimita, ratili kwa inchi: nitumie ipi?

Yoyote, ila usizichanganye. Kilo 1 kwa milimita ni nyutoni 9.81 kwa milimita, au karibu ratili 56 kwa inchi. Springi ya foki ya 0.44 ni nyutoni 4.3. Springi ya nyuma ya 7.0 ni nyutoni 68.7, au ratili 392. Baadhi ya springi zina namba iliyochorwa kwenye koili bila kipimo: 72 ni nyutoni karibu kwa hakika, 7.2 ni kilo. Jedwali la muuzaji nalo lisome vizuri, maana mengine huuliza uzito wako ukiwa mtupu na mengine ukiwa umevaa. Kosa hilo peke yake linakuhamisha hatua moja au mbili.

Springi ya ugumu mmoja au ya ugumu unaopanda?

Springi ya ugumu unaopanda ina koili zilizokaribiana upande mmoja. Zile za karibu zinagusana mapema na kutoka kazini, kisha zilizobaki zinakuwa ngumu zaidi. Inasikika vizuri kwenye lami yenye viraka.

Kwa pikipiki inayoingia njia mbovu, ugumu mmoja ndio chaguo letu, mbele na nyuma. Oili na vali zina mpangilio mmoja tu wa kuzuia springi isirudi kwa fujo. Springi ikibadilika ugumu katikati ya safari, mpangilio huo unafaa sehemu moja na kukosea nyingine. Linki ya nyuma tayari inafanya kazi ya kupandisha ugumu, na hewa iliyobanwa ndani ya foki inaifanya mbele. Kuongeza springi inayopanda juu ya hayo ni kupandisha mara mbili.

Ninunue nini hasa, na nipime nini kabla ya kuagiza?

Kwa nyuma: kipenyo cha ndani cha springi pande zote mbili, urefu wake ikiwa huru, na mwendo wa shokapu. Springi ikibanwa mwisho wa mwendo, koili hazitakiwi kugusana. Zidisha idadi ya koili zote kwa unene wa waya, upate urefu wa springi iliyobanwa kabisa. Toa huo kwenye urefu huru. Kinachobaki lazima kizidi mwendo wa shokapu pamoja na mkazo wa awali, na ziada ya milimita 5 hivi. Koili zikigusana kabla mpira wa mwisho haujafanya kazi, mshtuko wote unakwenda kwenye bolti na fremu.

Kwa mbele: springi mbili, kipenyo cha nje kinachoingia kwenye bomba bila kukwaruza, vipande vya kujazia urefu, washa, oili mpya ya foki ya kutosha miguu yote miwili, na sili mpya kama za zamani zimeanza kuvuja. Usikose spana ya torki na kitabu cha ufundi cha modeli yako.

Hatua za kubadilisha springi za foki ni zipi?

Andika kwanza mipangilio yote: klika (hatua zinazolia ukizungusha) ngapi kila skrubu, na mabomba yamechomoza kiasi gani juu ya kibano cha juu. Kisha zungusha skrubu ya kurudi (inayozuia springi isirudi kwa kasi baada ya kubanwa) hadi kwenye ulaini wa mwisho.

1. Inua mbele kwa stendi imara. Legeza bolti za kibano cha juu peke yake, halafu legeza kifuniko cha foki robo mzunguko wakati kibano cha chini bado kimeshika. Ukisahau hapa, utahangaika na kifuniko kwenye jiliwa na kukwaruza bomba.
2. Toa kalipa ya breki na uining'inize kwa kamba, si kwa bomba lake. Toa gurudumu, kisha mguu wa foki.
3. Fungua kifuniko polepole, uso ukiwa pembeni. Kwenye foki sahili za bomba na tundu, springi inasukuma kifuniko moja kwa moja na inaweza kukirusha. Kwenye foki zenye katriji (kifaa cha ndani chenye vali na fimbo), shika nati iliyo chini ya kifuniko kwa spana nyembamba na ukifungue kutoka kwenye fimbo.
4. Toa springi, geuza mguu, pampu fimbo mpaka oili yote itoke. Itazame oili: ikiwa ya kijivu inayong'aa, bushi zinalika.
5. Mimina oili mpya, pampu taratibu mpaka viputo viishe na fimbo iwe na uzito uleule juu na chini. Iache dakika 10.
6. Foki ikiwa imebanwa kabisa na springi ikiwa nje, pima kutoka mdomo wa bomba hadi uso wa oili. Hiyo ni nafasi ya hewa. Fuata namba ya kitabu, na miguu yote miwili isitofautiane zaidi ya milimita 2.
7. Weka springi, kipande cha kujazia, washa, kifuniko.
8. Rudisha kila kitu, lakini bolti zinazobana ekseli ziache huru. Shusha pikipiki, pampu foki kwa nguvu mara tano au sita ili miguu ijipange yenyewe, ndipo uzikaze kwa torki ya kitabu.

Hatua ya mwisho huachwa mara nyingi, na ndiyo inayosababisha foki mpya kukwama. Vivyo hivyo, ukikaza vibano vya foki kupita torki unalibana bomba hadi bushi zinashindwa kuteleza.

Kipande cha kujazia nikikate urefu gani?

Springi mpya mara nyingi ina urefu tofauti na ya zamani. Tuseme ya zamani ilikuwa milimita 480 na kipande cha 40, jumla 520. Mpya ni 455. Kipande cha 65 kingekupa mkazo uleule wa mwanzo, lakini springi mpya ni ngumu zaidi, kwa hiyo haihitaji kubanwa kiasi hicho. Anza na 60, pima mbonyeo, kisha rekebisha. Bomba gumu la plastiki lenye ukuta mnene linafaa, likatwe mraba kabisa na kingo zisuguliwe, na washa ya chuma ikae kati yake na springi. Bila washa, springi hulila bomba na unga wa plastiki unaingia kwenye vali.

Na shokapu ya nyuma?

Safisha nyuzi za nati kwa brashi na mafuta ya kulainisha kwanza. Nyuzi za alumini zenye mchanga huharibika kwa mzunguko mmoja tu. Pima urefu wa springi ikiwa imebanwa, uandike.

Inua pikipiki gurudumu lining'inie, legeza nati ya kufungia kwa spana ya ndoano, kisha legeza nati ya kubania kadiri inavyokwenda. Weka kigingi chini ya gurudumu ili bolti zisiwe na mzigo, zitoe, toa shokapu. Springi ikiwa imelegea hadi inazunguka kwa mkono, toa kile kikalio cha chini chenye pengo na uichomoe.

Shokapu zenye hatua za ngazi badala ya nyuzi haziwezi kulegezwa hadi mwisho. Hizo zinahitaji kifaa cha kubania springi. Ukikosa kifaa hicho, mpelekee fundi wa shokapu. Springi iliyobanwa inaweza kuvunja mfupa. Na usifungue mwili wa shokapu wala vali yake: ndani mna gesi ya naitrojeni yenye shinikizo kubwa.

Wakati shokapu iko nje, paka grisi bea za linki. Kagua fimbo: kukiwa na alama ya kutu unayoisikia kwa ukucha, sili itakatika, na springi mpya haitakusaidia.

Ukirudisha, kaza nati mpaka springi ibanwe milimita 8 hadi 10, kisha pima mbonyeo. Kwa nyuzi za milimita 1.5, mzunguko mmoja hubadilisha mbonyeo wa nyuma kwa takriban milimita 3 hadi 4.

Nimeweka springi ngumu, sasa pikipiki inadunda. Nimekosea?

Huenda springi ni sahihi ila haijazuiwa. Springi ngumu inarudi kwa nguvu zaidi, na mpangilio wa kurudi uliofaa ile laini sasa ni mdogo. Ongeza kizuizi cha kurudi klika mbili, jaribu kwenye njia ileile, ongeza tena kama bado. Ukipita kiasi, shokapu haitawahi kunyooka kabla ya shimo linalofuata, itazidi kushuka shimo baada ya shimo na kuwa ngumu. Hapo rudi klika mbili.

Foki zisizo na skrubu, kama za DR650SE, unazirekebisha kwa oili nzito kidogo. Usiamini namba ya 10 au 15 kwenye chupa, kwa sababu kila kampuni ina 10 yake. Linganisha mnato unaotolewa kwa sentistoki katika nyuzi joto 40. Springi ikipanda kwa zaidi ya asilimia 25 hivi, klika na oili mara nyingi hazitoshi na vali za ndani zinahitaji kupangwa upya na fundi.

Foki zinagota mwishoni tu, kwingine ni nzuri. Nibadilishe springi tena?

Hapana. Punguza nafasi ya hewa kwa milimita 10, yaani ongeza oili kidogo kila mguu. Hewa ikiwa ndogo inabanwa zaidi kule mwisho na mwanzo unabaki karibu ulivyo. Usishuke chini ya nafasi ndogo kabisa inayotajwa na kitabu, maana shinikizo hulipua sili.

Nabeba mizigo au abiria mara mojamoja. Nipange kwa uzito upi?

Panga kwa uzito unaoubeba siku nyingi. Kwa safari ya mzigo, ongeza mkazo wa awali mpaka mbonyeo urudi kwenye lengo, klika mbili za kurudi, na uandike umezungusha nati mara ngapi ili urudi ulikotoka. Anayebeba kilo 25 nyuma karibu kila siku ahesabu kilo hizo zote upande wa nyuma, bila kuzigawa. Mafuta nayo ni mzigo: lita moja ni kama kilo 0.74, kwa hiyo tangi la lita 20 ni kilo 15 zinazokuja na kuondoka, na nyingi ziko mbele.

Mimi ni mwepisi, kilo 52. Haya yananihusu?

Sana. Mpanda mwepisi hupata pikipiki inayokaa juu, inayomrusha, na miguu haifiki chini. Hukimbilia kukata kiti au kufupisha linki, wakati springi laini zaidi peke yake ingemshusha milimita kadhaa na kumpa mshiko. Pima, mbonyeo mtupu ukizidi 45 ukiwa umepanga wa mpanda vizuri, shuka hatua moja au mbili.

Je, naweza kukata springi ya zamani ili iwe ngumu?

Ukikata koili, ugumu unapanda kweli, kwa sababu koili zinazofanya kazi zimepungua. Lakini springi inakuwa fupi, koili zinagusana mapema, na ncha iliyokatwa haikai bapa. Kwa nyuma usifanye kabisa. Kwa foki, ncha kali inakwangua bomba kwa ndani na chembe zinaishia kwenye vali.

Springi huchoka?

Chuma hakipotezi ugumu wake kwa kutumika. Kinachopungua ni urefu. Pima springi ikiwa huru ulinganishe na kikomo cha kitabu. Springi mpya nayo hutulia kidogo, kwa hiyo pima mbonyeo tena baada ya kilomita 300 hadi 500.

Nikague nini kingine baada ya kubadilisha?

Mnyororo. Pikipiki sasa inakaa juu zaidi, na kulegea unakokuona kwenye stendi si kuleule kwa zamani. Pima pale unapokaza kuliko kote, yaani ekseli, pini ya mkono wa nyuma na sproketi ya mbele vikiwa kwenye mstari mmoja. Hapo ubaki na uhuru kidogo wa kuchezacheza.

Stendi ya pembeni inaweza kuwa fupi sasa, na pikipiki ikalala kupita kiasi. Taa ikaguliwe na kupangwa upya. Na kama umebadilisha nyuma peke yake, mkia umepanda, usukani umekuwa mwepesi na unaweza kutikisika ukiwa kasi. Shusha mabomba ya foki kwenye vibano milimita 5 kwa wakati mmoja, yaani pua ipande, mpaka utulivu urudi. Wengi huanza na nyuma kwa sababu ya gharama, na hilo linaeleweka, lakini usiache muda mrefu upite kabla ya kufanya mbele: springi za nyuma zinazokufaa hudhihirisha ulaini wa foki siku ya kwanza tu unaposhika breki kwenye mteremko.